Maswali ya Wasomaji: Timu Imerudi Mapema, Kocha Tumpime kwa Mizani Ipi?

Tangu mashindano yaishe, barua nyingi zinazotufikia zina swali moja lililovaa nguo tofauti: kocha wa timu ya taifa afungashiwe virago au abaki? Tumechagua saba. Baadhi tumezifupisha, lakini hoja tumeziacha zilivyo.

Ndugu wahariri, kocha wetu ameshinda zaidi ya nusu ya mechi zake zote. Lakini kwenye mashindano ya fainali tumeishia hatua ya makundi. Wanaomtetea wanashika asilimia, wanaompinga wanashika fainali. Nani ana haki?

Kila upande umeshika kipande. Asilimia ya ushindi ni gunia moja lililotiwa mahindi, mchanga na mawe, kisha likapimwa kwa mkupuo. Lifungue. Chukua karatasi, zigawe mechi zake zote mafungu manne: za kirafiki, za kufuzu dhidi ya timu zilizo chini yenu kwenye viwango vya FIFA, za kufuzu dhidi ya timu za saizi yenu au zaidi, na za fainali. Kila fungu liandikie idadi ya mechi, ushindi, sare, vipigo, mabao ya kufunga na ya kufungwa. Mara nyingi utakuta ushindi umerundikana kwenye mafungu mawili ya kwanza, na la tatu limejaa sare. Ukilikuta hivyo, kilichotokea kwenye fainali hakikuwa ajali. Kilikuwa kimeandikwa ukutani miaka miwili nyuma.

Tahadhari mbili. Mechi iliyoamuliwa kwa matuta, yaani mikwaju ya penalti, huhesabiwa sare kwenye takwimu, kwa hiyo usishangae kocha aliyecheza fainali akiwa na sare nyingi. Na mechi za kirafiki usizipe uzito wowote, si za kumsifu wala za kumsulubu. Huko ndiko anakotakiwa kujaribu watu.

Tena kuna jambo ambalo asilimia hailioni kabisa. Gareth Southgate aliiongoza Uingereza mechi 102, akashinda 61, akafika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2018 na fainali mbili mfululizo za Ulaya. Kwa mizani yoyote hiyo ni rekodi ya heshima. Lakini tazama: nusu fainali ya 2018 dhidi ya Croatia walifunga dakika ya 5, wakapoteza 2-1 katika muda wa nyongeza. Fainali dhidi ya Italia mwaka 2021 walifunga dakika ya 2, wakarudishiwa, wakapoteza kwa matuta. Wakosoaji wake hawakuwa na shida na idadi ya ushindi. Shida yao ilikuwa timu kurudi nyuma na kuukabidhi mpira ikishatangulia kwa bao. Hilo ni lalamiko la haki kwa sababu lilijirudia kwenye mechi kubwa mbili. Hata wewe tafuta kinachojirudia.

Mnasema kila mara "matarajio". Matarajio ya nani? Shabiki anataka kombe, shirikisho linasema tulienda kujifunza. Kuna namna ya kuyapima bila ushabiki?

Ipo, na haihitaji zaidi ya kikokotoo cha simu. Tangu Agosti 2018 viwango vya FIFA hukokotolewa kwa kanuni iliyo jamaa na Elo, ile inayopima nguvu za wachezaji wa sataranji. Ndani yake kuna namba inayosema timu hii ilitarajiwa kuvuna kiasi gani kwenye mechi hii. Hatua ni hizi.

Tafuta pointi za FIFA za timu zote mbili kabla ya mechi. Usitumie za leo. Toa za mpinzani kutoka kwenye zako. Hiyo ndiyo tofauti, na inaweza kuwa hasi. Igawe kwa 600, geuza alama yake (chanya iwe hasi, hasi iwe chanya), kisha pandisha 10 kwa kipeo hicho. Jumlisha 1. Halafu gawanya 1 kwa jibu ulilopata. Matokeo yatakuwa kati ya 0 na 1, na hayo ndiyo matarajio. Ushindi ni 1, sare ni 0.5, kipigo ni 0.

Tuseme timu yako ina pointi 1500 na imepangwa na timu za 1650, 1500 na 1350. Kwa ya kwanza tofauti ni -150, matarajio 0.36. Kwa ya pili 0.50. Kwa ya tatu 0.64. Jumla ni 1.50 katika mechi tatu. Sasa tuseme mlipigwa na wa kwanza, mkatoka sare na hao wengine wawili. Mmevuna 1.0. Mlipungukiwa kwa 0.5, yaani sawa na kupata sare pale mlipotakiwa kushinda mara moja. Hilo ndilo "janga" lote la kitaifa likiwekwa kwenye mizani.

Lakini kocha asishangilie bado. Fanya hesabu hiyohiyo kwa mechi zake zote za ushindani tangu aajiriwe. Tuseme mechi 20 za kufuzu zilitarajiwa kuvuna 11.0 naye akavuna 12.5. Ukijumlisha na fainali amezidi kwa 1.0. Vizuri, ila kumbuka mpira una kuyumba kwake: kwa timu zinazokaribiana, mechi tatu zinaweza kupanda au kushuka kwa kama 0.75 bila mtu yeyote kufanya la ajabu, na mechi 20 kwa kama 1.9. Kwa hiyo hiyo 0.5 ya kwenye fainali haimfungi, na hiyo 1.5 ya kufuzu haimsafishi. Hesabu ikitoka hivi, imekwambia tu kwamba hukumu haipo kwenye matokeo na inabidi ukae utazame mikanda. Ingekuwa amepungukiwa kwa 4 katika mechi 20, hapo tusingekuwa na mjadala mrefu.

Mambo matatu huharibu hesabu hii. Kanuni ya FIFA haijali nani yuko nyumbani, kwa hiyo mechi za nyumbani na za ugenini zitenge. Pili, kadiri kocha anavyoshinda ndivyo pointi za timu zinavyopanda na matarajio yanavyokaza. Ndiyo maana inafaa pia kulinganisha pointi za siku aliyoanza kazi na za leo. Tatu, uzito. FIFA huipa mechi ya kirafiki iliyochezwa ndani ya kalenda yake uzito wa 10, ya kufuzu 25, fainali za bara 35 hadi kabla ya robo fainali, Kombe la Dunia 50, halafu 40 na 60 kuanzia robo fainali. Ukitaka kujua fainali hizo za mfano ziligharimu nini, tuseme zilikuwa za bara, zidisha: 35 mara -0.5 ni pointi 17.5 zilizopotea. Nusu ya hiyo 35 tu, kwa hasira zote zile.

Kocha wetu kasema tulikosa bahati. Hivi bahati ni hoja?

Ni hoja pale inapoweza kuonyeshwa kwa kidole. Senegal mwaka 2018 nchini Urusi walimaliza makundi sawa na Japan kwa kila kitu: pointi 4, mabao manne ya kufunga, manne ya kufungwa, na walipokutana ilikuwa 2-2. Japan wakasonga kwa sababu walikuwa na kadi za njano 4, Senegal 6. Ukimtimua kocha kwa kadi mbili za njano, umetimua kwa bahati. Senegal walimbakiza kocha wao, Aliou Cissé. Matokeo yake tutayafikia.

Mfano wa Ujerumani 2022 umechanganyika zaidi, na ndiyo maana tunaupenda. Siku ya mwisho ya makundi Japan waliwafunga Hispania bao la pili kwa mpira ambao VAR, yaani waamuzi wa video, ilisema haujavuka wote mstari wa mwisho, kwa milimita. Mechi hiyo ingeisha sare, Ujerumani wangepita kwa tofauti ya mabao. Hiyo ni bahati mbaya, hakuna ubishi. Lakini rudi kwenye mechi yao ya kwanza na Japan. Walikuwa wanaongoza 1-0. Dakika ya 67 kocha wao Hansi Flick akawatoa İlkay Gündoğan, aliyekuwa amefunga, na Thomas Müller. Dakika ya 75 Japan wakasawazisha, dakika ya 83 wakaongoza. Hiyo si bahati. Huo ni uamuzi wa benchi, na unajadilika. Kocha akitaja bahati, muulize ya mechi ipi na dakika ipi.

Nawezaje kujua bao tulilofungwa ni kosa la mchezaji au la kocha? Kijiweni tunagombana kila siku.

Simamisha mkanda pale mpira unapoingia wavuni, kisha urudishe nyuma pasi tatu kabla. Ubishi mwingi wa kijiweni unaanzia kwenye pasi ya mwisho, ambapo kila bao linaonekana kosa la beki au kipa. Tatizo lilianza kabla.

Chukua kona. Mpira unapigwa mlingoti wa karibu, adui anaugusa kwa kichwa, unapita hadi mlingoti wa mbali, mwenzake anaumalizia peke yake. Macho yote yanamwangalia beki wa mlingoti wa mbali. Rudisha mkanda hadi mpigaji anapoinua mkono. Je, pale mlingoti wa karibu palikuwa na mtu aliyepangwa kusimama? Kama palikuwa na mtu naye akarukiwa, hilo ni la mchezaji, na pengine ni la aliyempanga mfupi mahali pa mrefu. Kama hapakuwa na mtu kabisa, tazama kona mbili zilizopita za mechi hiyohiyo. Kukiwa wazi kote kote, basi ndivyo walivyoelekezwa mazoezini. Angalia pia timu inalindaje: kila mtu na mtu wake, au kila mtu na eneo lake? Ukiona wanne wanafuata watu na watatu wanalinda eneo, na wawili kati yao wanamfuata adui mmoja, hapo hakuna aliyeelewa maelekezo. Kutoeleweka kwa maelekezo ni kazi ya benchi la ufundi.

Kwa mabao ya kushtukizwa, hesabu watu. Sekunde mliyopoteza mpira, wachezaji wenu wangapi, bila kumhesabu kipa, walikuwa nyuma yake? Mabeki wote wawili wa pembeni wakiwa wamepanda na kiungo mkabaji naye yuko kwenye boksi la adui, mnabaki wawili. Ikitokea mara moja, kuna mtu kajisahau. Ikitokea kwenye mabao matatu ya mashindano, ndio mfumo wenyewe.

Sisi hutumia kanuni hii, na haijatuangusha sana: kosa likitokea mara moja, liache. Kosa lilelile likirudiwa na wachezaji tofauti, ni la kocha kwa sababu ni la mfumo. Likirudiwa na mchezaji yuleyule, nalo ni la kocha, kwa sababu ndiye anayeendelea kumpanga. Mchezaji hubeba peke yake lile la kwanza tu.

Ukiwa na takwimu za mabao tarajiwa, yaani uzito wa kila nafasi kulingana na mahali na namna shuti lilivyopigwa, zitumie, ila zitoe penalti kwanza. Penalti moja huhesabiwa kama 0.76 hadi 0.79, na penalti mbili za kupewa zinaweza kuifanya timu iliyokwama ionekane ilishambulia mno.

Majeruhi je? Nyota wetu aliumia wiki moja kabla. Kocha alaumiwe kwa hilo?

Kwa kuumia, hapana. Kwa kutokuwa na mpango wa pili, ndiyo. Ufaransa walikwenda Kombe la Dunia 2002 wakiwa mabingwa wa dunia na wa Ulaya, Zinedine Zidane akiwa ameumia kwenye mechi ya kirafiki siku chache kabla. Alikosa mechi mbili za kwanza. Wakafungwa 1-0 na Senegal, wakatoka 0-0 na Uruguay, na alipolazimishwa kurudi wakapigwa 2-0 na Denmark. Mechi tatu bila bao, na kocha wao Roger Lemerre akapoteza kibarua. Swali la kumuuliza kocha wa namna hiyo ni hili: katika miezi kumi na miwili iliyopita, timu ilicheza mechi ngapi bila nyota huyo kwa makusudi? Jibu likiwa sifuri, hakujiandaa.

(Lemerre huyohuyo aliipa Tunisia Kombe la Mataifa ya Afrika 2004. Wanaosema kocha aliyefeli amekwisha wamkumbuke.)

Ukubwa wa kikosi nao ni ushahidi. Hadi 2018 kikosi cha Kombe la Dunia kilikuwa na wachezaji 23. 2022 wakawa 26. Kocha mwenye nafasi 26 aliyechukua majeruhi watatu akitumaini watapona amechagua mwenyewe kucheza na 23. Na muda wa maandalizi upime kwa siku: kabla ya Qatar 2022 timu nyingi zilikuwa na wiki moja tu pamoja. Aliyepewa siku saba humdai mfumo mpya. Unamdai arahisishe ule wa zamani.

Tulitolewa kwa matuta. Matuta si kamari tu?

Ni kamari yenye maandalizi. Kwa FIFA yenyewe, aliyepoteza kwa matuta huandikiwa 0.5 kama sare, na aliyeshinda 0.75, kwa hiyo usimhesabie kocha kipigo. Lakini orodha ya wapigaji ni yake, na mabadiliko ya mwisho ni yake. Kombe la Dunia 2014 Louis van Gaal, kocha wa Uholanzi, alimtoa kipa Jasper Cillessen mwishoni mwa muda wa nyongeza, akamwingiza Tim Krul, naye akaokoa penalti mbili za Costa Rica. Nusu fainali dhidi ya Argentina alikuwa ameshamaliza mabadiliko yote matatu. Cillessen akabaki golini na Uholanzi wakatolewa. Southgate naye mwaka 2021 aliwaingiza Marcus Rashford na Jadon Sancho dakika ya 120 mahususi kwa matuta, na wote wawili wakakosa. Wazo lilikuwa lilelile la Van Gaal, ila kuna tofauti: kipa anaingia akiwa na kazi ya kuruka, mpigaji anaingia hajagusa mpira hata mara moja.

Basi mtuambie wazi: kocha aliyetolewa mapema, kumfukuza kunasaidia?

Historia inajibu kwa sauti mbili, na anayekuletea mfano mmoja tu anakuuzia kitu.

Waliobaki wakafanikiwa: Cissé alipoteza fainali ya Afrika 2019 mbele ya Algeria 1-0, akaachwa, na Februari 2022 Senegal wakatwaa kombe kwa matuta dhidi ya Misri. Lionel Scaloni wa Argentina alipoteza nusu fainali ya Copa América, kombe la Amerika Kusini, 2019 kwa Brazil 2-0, akabaki, kisha akachukua Copa 2021, Kombe la Dunia 2022 na Copa 2024. Waliobaki wakaanguka tena: Joachim Löw wa Ujerumani, bingwa wa dunia wa 2014, alitolewa makundi 2018, akaachwa, mwaka 2020 akapigwa 6-0 na Hispania, akaondoka baada ya Ulaya 2021. Djamel Belmadi wa Algeria, bingwa wa Afrika 2019 aliyefikisha mechi 35 bila kufungwa, aliburuza mkia wa kundi Januari 2022, akabaki, akaburuza mkia tena Januari 2024.

Tofauti iko wapi? Tazama kikosi. Cissé na Scaloni walikuwa na timu inayopanda, na vipigo vyao vilikuwa vyembamba, mbele ya wakubwa, hatua za mwisho. Löw na Belmadi walianguka dhidi ya timu walizotarajiwa kuzifunga, na sehemu kubwa ya uti wa mgongo wa kikosi ilikuwa ileile iliyowapa kombe. Andika umri wa kikosi cha kwanza. Uti wa mgongo ukiwa na miaka 30 na zaidi na hakuna aliyeingizwa katika miaka miwili, kumpa kocha huyo muda ni kuwapa muda wachezaji wale wale.

Na kumtimua katikati? Côte d'Ivoire walifanya hivyo Januari 2024: kocha Jean-Louis Gasset aliondoka baada ya kuchapwa 4-0 na Equatorial Guinea wakiwa wenyeji, timu ikapenya kama mmoja wa washindi wa tatu ikiwa na pointi 3, na mrithi wake Emerse Faé akabeba kombe. Ni kisa kitamu, lakini Faé hakutoka nje. Alikuwa msaidizi ndani ya benchi lilelile, anawajua wachezaji kwa majina na tabia. Shirikisho linalotaka kumuiga lianze kwa kuwa na msaidizi wa aina hiyo kabla moto haujawaka.

Jambo la mwisho ni karatasi. Löw aliongezewa mkataba hadi 2022 mwezi Mei 2018, wiki chache kabla ya kutolewa makundi. Usiongeze mkataba kabla ya fainali. Ukilazimika, weka lengo kwa maneno yasiyopindika, kwa mfano "kufika mtoano", na kipengele kinachoruhusu kila upande kuuvunja ndani ya siku 30 baada ya mechi ya mwisho bila kulipa mkataba mzima. Ripoti ya kocha iombwe ndani ya wiki mbili, mikanda ikiwa bado ina joto, na isomwe na watu wawili ambao hawakukaa kwenye benchi wala hawakushiriki kumwajiri.